Kabla ya harambee ya kwenda majuu, uliza mfadhili anataka nini

Watu wa Nairobi hupenda kututania kwamba Rongai ni majuu, eti ukishapita Galleria unafaa kubeba pasipoti. Sawa, tucheke. Lakini panda matatu ya jioni Magadi Road usikize vijana wanavyoongea. Wengi wanapanga majuu ya kweli: Canada, Ujerumani, Marekani. Na wengi wanaamini kinachohitajika ni ajenti mwenye ofisi na harambee ya WhatsApp.

Mimi naona tunaanza vibaya. Kabla hujauliza skolashipu iko wapi, uliza ni ya nani na anataka nini.

Chukua wanafunzi Wayahudi. Kijana Myahudi wa kati ya miaka 18 na 26 anaweza kuzuru Israeli siku 10 bila kulipia safari, kupitia mpango wa Birthright. Ukisikia hivyo utasema, "Manze, huo ni ubaguzi!" Hapana. Matajiri wa jamii hiyo na serikali ya Israeli wanatoa pesa kwa sababu wanataka kijana wao asipotee. Wanajua wanachonunua.

Usidhani hayo ni mambo ya wazungu pekee. Hapa jirani, Mbale nchini Uganda, kuna Abayudaya, jamii iliyoanza dini ya Kiyahudi karibu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo, na waliobaki nayo wakaabudu kwa siri. Mmoja wa watoto wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alipata ufadhili wa shirika la Kiyahudi la Marekani, Be'chol Lashon. Mwaka 2003 akaenda Los Angeles kusomea urabi katika chuo cha Ziegler, akatawazwa 2008, akarudi kijijini Nabugoye kufundisha wengine. Mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini wakamchagua mbunge.

Soma hiyo hadithi polepole. Jamii ndogo ya wakulima ilijua inahitaji rabi aliyesoma. Mfadhili alikuwa anatafuta mtu kama huyo. Haja mbili zikakutana, ndiyo mlango ukafunguka.

Sisi wenyewe tumewahi kufanya hivyo. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliabiri ndege kwenda Marekani katika mpango wa Tom Mboya, na huku nyumbani watu wakachangisha pesa kwa sababu taifa lililokaribia uhuru lilihitaji wasomi. Mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda kusoma katika chuo cha Wakatoliki, Mount St. Scholastica, kule Kansas. Milango ya dini na ya jamii si jambo geni hata kidogo.

Sasa linganisha na ya juzi. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa katika mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka watoto Finland na Canada. Wapo waliouza mashamba. Ukiambiwa umefadhiliwa, kisha mzazi wako ndiye anauza shamba, basi mfadhili ni mzazi wako.

Kuna atakayeniambia, "Wewe uliacha chuo, unatufunza nini?" Ni kweli, niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani. Ndiyo maana najua bei ya elfu kumi inayoombwa na ajenti "ya fomu tu". Chevening ya Uingereza haikulipishi kutuma ombi, ila inataka uwe umefanya kazi kwa takriban miaka miwili, na ukimaliza masomo urudi nyumbani kwa miaka miwili. Masharti hayo hayajafichwa. Ukiyasoma, unajua kabisa wanatafuta nani.

Tena, barua ya chuo si tiketi. Desemba 2017 kijana Mkenya kutoka jamii ndogo ya Wayahudi wa Kasuku, Nyandarua, alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion akiwa na viza na mwaliko wa kusoma Jerusalem. Akazuiwa, akarudishwa. Imani ilikuwa moja, karatasi zilikuwepo, na bado afisa wa mpakani akasema la. Kwa hivyo usiache kazi wala usiuze pikipiki kwa sababu ya barua pepe moja.

Najua wengine watasema kurudi nyumbani ni kurudi kwa shida, heri kubaki huko na kutuma pesa. Siwalaumu, pesa hizo zinalipia wadogo wao karo. Lakini mfadhili atakuuliza utarudisha nini, na jibu la "nataka kutoka Kenya" limeshaandikwa na maelfu ya wenzako.

Tafuta jibu lako hapa hapa. Unafunza watoto kompyuta Kware? Unaelewa shida ya maji na maji taka ya Rongai kuliko mhandisi wa Nairobi? Kanisa lako, msikiti wako au chama chenu cha vijana kina ndugu zake ng'ambo? Andika hayo, uwaulize hao. Na ajenti akikuomba pesa kwanza, mwambie akutajie mfadhili kwa jina, kisha umpigie mfadhili mwenyewe kabla hujagusa M-Pesa.