Mafundi Waliosahauliwa wa Picha za Edo

Aitazamaye ile taswira mashuhuri ya wimbi kubwa la Kanagawa, iliyopigwa chapa kwa mbao yapata mwaka 1831 katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, hutajiwa jina moja tu, la Hokusai, naye huondoka akidhani kwamba mkono mmoja ndio uliofanya kazi yote. Na dhana hiyo, kwa itikadi yangu, ni dhuluma iliyodumu mno.

Kwani Hokusai alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba, basi. Karatasi hiyo mchongaji aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana, akaichonga pamoja na ubao hata mchoro wa asili ukaangamia, kusisalie ila mistari yake iliyoinuka juu ya mti. Tafakari, msomaji, amana iliyoje hiyo! Zikafuata mbao za rangi, zenye alama za kulinganishia karatasi isihame hata kidogo, ustadi ulioshamiri tangu mwaka 1765, zama za mchoraji Harunobu. Na nywele za wanawake waliochorwa na Utamaro, zilizo nyembamba penye paji la uso kama utando wa buibui, hazikuachiwa wanagenzi, bali zilimngojea fundi mkuu. Kisha mpiga chapa alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevu, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi. Nazo mbingu za mchoraji Hiroshige, zififiazo kutoka buluu iliyokolea hadi weupe, ni rangi aliyoipaka mpiga chapa na kuipangusa upya kwa kila nakala.

Juu yao alikuwapo mchapishaji, mwenye kutoa mali na kuteua mafundi: Nishimuraya Yohachi ndiye aliyeitoa taswira ya wimbi, na Tsutaya Juzaburo ndiye aliyewainua Utamaro na mchoraji mwenziwe Sharaku.

Wako wasemao kwamba fikra ya mchoraji ndiyo asili, na mengine ni utumishi. Tena msanii Yamamoto Kanae, mwaka 1904, alichora, akachonga na kupiga chapa peke yake, na kazi ile ina shani yake. Lakini uhodari wake hauwaondolei wa kale haki yao. Katika baadhi ya picha za karne ya 19 upo muhuri mdogo wa mchongaji, nao aghalabu hupitwa bila kutajwa. Nawasihi wenye majumba ya makumbusho wauandike chini ya jina la mchoraji, na pasipo muhuri waandike wazi kwamba mchongaji na mpiga chapa walikuwapo, ila majina yao hayakuhifadhiwa.