Nani Alisema Kijivu Ndio Ustaarabu?

Toka Nairobi na Thika Road hadi Ruiru, au shuka na Mombasa Road upite Syokimau, kisha mbele ukunje uelekee Kitengela, uhesabu nyumba mpya. Ukuta mweupe au kijivu. Paa la rangi ya mkaa. Fremu za dirisha nyeusi, geti jeusi, kabro za kijivu. Ukifika ya kumi, ya kumi na moja unaijua kabla hujaiona. Muulize mwenyewe kwa nini akachagua hivyo, atakuambia ni "kisasa". Mbane kidogo, atakuonyesha picha kwenye simu.

Mimi nina ugomvi na hiyo picha. Ilipigwa mahali pengine, chini ya jua jingine, mbele ya nyumba iliyosimama juu ya udongo mwingine. Sisi tuko hapa karibu na ikweta, ambapo jua la saa sita linasimama utosini na kufifisha kila rangi iliyo nyepesi. Ukuta mweupe pe unakuumiza macho. Kijivu kilichokaa vizuri kwenye skrini kinageuka rangi ya simiti ambayo haijapakwa chochote, kama nyumba iliyoishiwa pesa katikati ya ujenzi. Na hilo paa la mkaa linameza joto mchana kutwa, halafu unashangaa kwa nini saa nane unalala na feni usoni.

Kisha kuna udongo. Ruiru na Kiambu ni mwekundu. Syokimau na Kitengela ni ule mweusi unaoshika viatu hadi unatembea kama umevaa matofali. Mvua ya Aprili ikipiga chini, matope yanaruka ukutani. Ukuta mweupe ulioshuka hadi ardhini unapata pindo jekundu wiki ya kwanza, na hilo pindo haliondoki kwa sabuni. Shosho zetu walilijua hili zamani. Nenda Magharibi uone nyumba za udongo zilizokandikwa na wanawake: chini mkanda wa rangi nzito, juu rangi nyepesi, katikati mstari uliopigwa kwa mkono usiotetemeka. Mkanda ule ni urembo, na pia ndio unaopokea matope ili ukuta ubaki safi. Leo tunaita nyumba hizo za kishamba, halafu tunamlipa mtu atuchoree nyumba isiyojua mvua ni nini.

Acha niseme jinsi rangi ya nje inavyochaguliwa, kwa sababu si siri ya wenye pesa. Unaanza na paa. Mabati yatakaa hapo juu miongo, rangi ya ukuta utaibadilisha baada ya miaka michache. Kwa hivyo paa ndilo linaloamua, ukuta unafuata, na kingo zinamaliza: fesha bodi, gata, fremu, milango. Lakini watu wengi wananunua ndoo za rangi kwanza, kisha wanatazama juu na kukuta paa halielewani na walichonunua.

Paa la damu ya mzee linataka ukuta wenye joto: rangi ya maziwa, ya mchanga, ya ganda la yai, au manjano iliyotulia. Ukiliwekea kijivu baridi, vitu hivyo viwili vitanuniana miaka yote. Paa la kijani linapatana na maziwa na hudhurungi. Paa la buluu ni bishi kidogo. Lipe ukuta mweupe uliopunguzwa makali, au kijivu chepesi, na hapo nakubali kijivu kimepata kazi. Na hilo paa la mkaa ambalo tayari uko nalo halikulazimishi chochote. Linapokea haradali, kijani cha majani makavu, hata wekundu wa tofali. Kingo zichague rangi moja, ya kurudia paa au ya kupumzisha jicho, na fesha bodi na gata ziende pamoja. Chini piga mkanda mzito unaokaribiana na udongo wako. Kabla ya yote, mwambie fundi apake kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye kuta mbili. Kitazame asubuhi, saa sita na jioni. Kile kikadi kidogo cha dukani kinadanganya, maana rangi ikienea ukuta mzima juani huonekana nyepesi na kali kuliko ulivyodhani.

Sasa, kama ingekuwa ni mtindo tu, ningewaacha watu na nyumba zao. Shida ni kwamba mtindo umegeuka sheria. Shangazi yangu alinunua nyumba kwenye mtaa wenye geti na walinzi, akamaliza kulipa deni, akapaka ukuta wa mbele rangi ya haradali chini ya paa lile lile la mkaa. Ilipendeza sana. Kabla mwezi haujaisha, kamati ya mtaa ikamwandikia barua: rangi yake "haiendani na hadhi ya mtaa", arudishe kijivu. Mama mtu mzima, nyumba yake, hati mkononi, anaulizwa kuhusu hadhi. Kamati hiyo hiyo haijawahi kuandika barua kuhusu maji yanayokatika kila Alhamisi.

Najua mtakachonijibu. Mtasema kufanana kunapendeza, niitazame Lamu. Sawa, tuitazame. Kuta za Mji wa Kale wa Lamu zinafanana kwa sababu zilitoka kwenye vitu vilivyokuwepo: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Weupe wa chokaa unarudisha jua lilikotoka na kuuacha ukuta upumue. Paka plastiki nyeupe juu ya ukuta wa matumbawe ili ufanane na jirani, unyevu na chumvi vitanaswa ndani, na rangi itaanza kutoa malengelenge. Pale rangi ilitokana na mahali penyewe, haikuletwa na barua. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, mjadala haukuwa kama buluu inapendeza. Ulikuwa ni nani anaamua na nani analipia ndoo.

Halafu angalia unafiki. Nyumba moja ya haradali inashusha thamani ya mtaa. Lakini safu nzima ya maduka kando ya barabara ikipakwa kijani au nyekundu ya kampuni ya simu, kuanzia msingi hadi paa, hakuna anayeuliza hadhi imeenda wapi. Kumbe rangi kali inaruhusiwa, mradi iwe inauza kitu.

Na lugha yetu wenyewe inatucheka. Kijivu ni jivu, kilichobaki moto ukizimika. Lakini pia tuna kahawia ya kahawa, zambarau ya tunda, rangi ya chungwa, samawati ya mbingu, nili, maji ya kunde, damu ya mzee. Watu waliozipa rangi majina hayo walikuwa wametazama vitu vyao kwa makini. Sisi tumebaki kutazama simu.

Kwa hivyo wewe unayejenga, au unayeweka pesa kidogo kidogo ukiota keja yako: kabla ya kutia sahihi, soma kile kifungu cha rangi kwenye mkataba, na udai kifutwe au kijadiliwe na wenye nyumba wote. Wewe uliyepanga, landilodi akija na ndoo muulize ni ya rangi gani na kwa nini. Na nyinyi wa kamati, anzeni na mabomba. Ukuta wa shangazi bado ni wa haradali, na barua ya pili imeshafika. Safari hii majirani wanne wameweka sahihi kando yake.