Picha isiyojua ilikopigwa haitamfaa mkulima wa kahawa Gusii

SHERIA ya Muungano wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu imeahirishwa mara mbili, na ni rahisi kwa mkulima wa kahawa katika kaunti za Kisii na Nyamira kudhani kwamba jambo lenyewe limekwisha. Halijakwisha. Kilichosogezwa ni tarehe. Sharti lenyewe lingalipo.

Sheria hiyo ilianza kuwa na nguvu mnamo Juni 2023 na ilikusudiwa itekelezwe kuanzia mwisho wa 2024. Ikasogezwa hadi mwisho wa 2025. Kisha Desemba 2025 ikasogezwa tena: kampuni kubwa na za wastani zikapewa hadi Desemba 30, 2026, nazo ndogo hadi Juni 30, 2027. Bidhaa zinazohusika ni kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, mpira, soya na mbao. Majani chai, ambayo ni tegemeo la familia nyingi Nyamira, hayamo katika orodha hiyo.

Kwa ufupi, kahawa haitaruhusiwa kuingia katika soko la Ulaya iwapo mwagizaji hawezi kuonyesha shamba ilikokuzwa, na kwamba shamba hilo halikufyekwa kutoka msituni baada ya Desemba 31, 2020. Shamba lisilozidi hekta nne, yaani takriban ekari kumi, laweza kuelezwa kwa nukta moja ya latitudo na longitudo yenye tarakimu sita baada ya desimali. Lililo kubwa kuliko hapo sharti lichorewe mpaka wake wote.

Ulaya ndiyo soko kubwa la kahawa ya Kenya. Kwa hivyo swali litakaloulizwa bandarini huko ng'ambo litamfikia, apende asipende, mkulima wa Bobasi, Nyaribari au Kitutu Masaba ambaye hajawahi kumwona mnunuzi wake.

Kahawa si ngeni Gusii. Katika miaka ya 1930, wakati Waafrika wengi nchini walikuwa bado wamezuiwa kulima zao hilo, Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache walikoruhusiwa kulijaribu. Mkulima wa leo mara nyingi amerithi mibuni iliyopandwa na baba au babu yake. Kumwambia mtu huyo athibitishe kwamba hakukata msitu juzi ni kama kumtaka athibitishe kwamba nyumba ya wazee wake haikujengwa jana. Hata hivyo, ukweli usio na kumbukumbu hauwezi kusafirishwa.

Ugumu wa kwanza ni ardhi yenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Ukiondoa sehemu kama Borabu, ambako mipango ya makazi ya baada ya uhuru iliacha mashamba makubwa kiasi, ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi kuwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Baadhi ya vipande hivyo havizidi upana wa mita 20.

Katika mazingira kama hayo, kosa la mita chache si dogo. Simu ya kisasa, ikiwa chini ya anga wazi, hukadiria mahali kwa kupotoka takriban mita tano. Penye migomba mingi, miti mirefu au bonde lenye kingo kali, hupotoka zaidi. Tarakimu sita za desimali zinataja umbali wa sentimita 11 hivi, lakini wingi wa tarakimu hauongezi usahihi wa kifaa. Nambari inaweza kuonekana ya kitaalamu na bado ikawa katika shamba la jirani.

Hapa ndipo picha inapopata umuhimu. Sheria haidai picha. Inadai nambari za mahali. Lakini nambari haiwezi kujitetea. Picha iliyopigwa shambani, ikiwa imebeba ndani yake saa na mahali, humwonyesha mkaguzi mibuni iliyokomaa, nyumba iliyo karibu na njia inayopita kando, vitu ambavyo nambari tupu haiwezi kuvisema.

Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni simu inayoandika mahali ndani ya picha papo hapo. Ya pili, iliyotangulia simu hizo na ambayo bado hutumiwa na wanaotaka kamera bora, ni kubeba kifaa kidogo cha kurekodi safari kwa GPS. Kifaa hicho hukaa mfukoni au begani na kuandika kila baada ya sekunde chache kilipo na saa ngapi. Kamera hupiga picha na kuandika saa yake. Jioni, programu ya kompyuta hulinganisha saa za picha na saa za safari, kisha huandika latitudo na longitudo ndani ya kila picha.

Njia hiyo ya pili huufichua udhaifu mkuu wa kazi yote: kinachounganisha picha na mahali ni saa. Iwapo saa ya kamera imechelewa kwa dakika tano tu, na mpiga picha anatembea mwendo wa kawaida wa kilomita nne kwa saa, picha itapachikwa mahali alipokuwa dakika tano kabla, zaidi ya mita 300 nyuma. Kwa ardhi ya Kisii, hapo zimerukwa boma kadhaa.

Mkanganyiko unaweza kuwa mkubwa zaidi. Karani wa ushirika anayeandika katika daftari lake kwamba alifika shambani saa tatu asubuhi, kamera yake husema ni saa 9:00, nacho kifaa cha GPS, kinachofuata saa ya dunia, huandika 6:00. Zote tatu ni sahihi. Lakini asipoieleza programu kwamba Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, picha ya shamba la asubuhi itapewa mahali pa shamba lililozuriwa adhuhuri. Kila mkulima atakuwa amepewa shamba la mwingine, na hakuna kitakachopiga kelele kuonya.

Tiba yake haigharimu hata senti. Kabla ya kuanza kazi, mpiga picha apige picha ya uso wa simu au kifaa kinachoonyesha saa ya setilaiti. Picha hiyo moja itaonyesha saa ya kamera imepotoka kwa kiasi gani, na siku nzima inaweza kusahihishwa.

Kosa jingine linawahusu hasa wanaoishi karibu na ikweta. Mji wa Kisii uko takriban latitudo 0.68 kusini na longitudo 34.77 mashariki. Katika kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Anayenakili nambari na kuisahau alama hiyo huihamisha kahawa ya Kisii kilomita 150 hivi kaskazini, hadi karibu na Webuye katika kaunti ya Bungoma. Anayebadilisha nafasi za latitudo na longitudo huipeleka magharibi mwa Algeria. La Algeria litaonekana upesi. La Webuye laweza kupita, kwa sababu ni Kenya na kahawa hulimwa Bungoma pia.

Isitoshe, GPS hurekodi alipo mpiga picha, si kilichopigwa picha. Katika nchi ya vilima, ni rahisi mtu asimame upande mmoja wa bonde na kupiga shamba lililo upande wa pili. Picha itakuwa nzuri, nayo nukta itaangukia kwa mtu mwingine. Picha ya ushahidi sharti ipigwe mtu akiwa amesimama katikati ya mibuni yenyewe.

Kisha kuna mazoea ya kila siku. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na maelezo ya mahali hufutwa. Anayeipokea hubaki na mandhari tu. Ikitumwa kama hati, au ikihamishwa kwa waya au kadi, hubaki na maelezo yake. Karani asiyejua tofauti hiyo anaweza kufanya kazi ya mwezi mzima na kuipoteza njiani.

Kwa nini mambo haya yamhusu mkulima mdogo ambaye hana kamera wala kompyuta? Kwa sababu kahawa yake haisafiri peke yake. Huchanganywa kiwandani na ya mamia ya wenzake wa ushirika. Chini ya sheria hiyo, shehena yenye kahawa ya asili isiyojulikana haiwezi kuuzwa Ulaya hadi sehemu hiyo itengwe, na kahawa ikishachanganywa haitengeki. Nukta moja iliyoangukia mahali pabaya yaweza kuwazuia wote.

Suala la mikaratusi linaonyesha hatari hiyo waziwazi. Miti hiyo imepandwa kwa wingi Kisii na Nyamira kwa ajili ya nguzo, mbao na kuni za viwanda vya chai. Tangu 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira John Michuki alipoagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji, wito wa kuiondoa kando ya mito umerudiwa mara nyingi. Setilaiti inayotazama kutoka juu huona miti ikitoweka. Haijui kwamba ni mikaratusi ya mtu iliyokomaa ikavunwa.

Sheria yenyewe haiiti kila kichaka msitu. Msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita tano na kivuli kinachozidi asilimia kumi, na ambalo matumizi yake makuu si kilimo wala makazi. Robo ekari ya mikaratusi nyuma ya nyumba haimo. Lakini anayepaswa kumweleza hivyo mkaguzi aliye mbali atahitaji kitu mkononi, na kitu hicho ni picha ya visiki yenye tarehe na mahali, iliyopigwa kabla ya swali kuulizwa.

Pamoja na hayo, ni hatari kuipa picha mamlaka isiyo yake. Maelezo yaliyo ndani ya picha yanaweza kubadilishwa na yeyote mwenye programu inayofaa. Ndiyo maana picha peke yake ni ushahidi dhaifu. Huimarika inapohifadhiwa ikiwa asilia, pamoja na faili ya safari nzima ya siku hiyo na jina la aliyeipiga. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, hutaka rekodi ya kielektroniki iandamane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika.

Wala picha haimalizi ugomvi wa mpaka. Keroka, mji uliokaa katika mpaka wa Kisii na Nyamira, umekuwa ukizozaniwa na serikali za kaunti hizo mbili kuhusu ushuru. Hakuna aliyekosa kujua soko liko wapi duniani. Ubishi ni mstari upite wapi. Vivyo hivyo kwa ndugu wanne wanaolima vipande vinne chini ya hatimiliki moja iliyo katika jina la marehemu babu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hata hukiri kwamba mipaka katika ramani za usajili ni ya kukadiria, isipokuwa pale ilipopimwa na kuwekwa rasmi. Nukta ya GPS husema mibuni iko hapa. Haisemi ni ya nani.

Swali la mwisho, ambalo huenda ndilo zito kuliko yote, ni nani anayebaki na kumbukumbu hizo. Picha ya shamba Gusii ni picha ya boma: huonyesha nyumba, ng'ombe, makaburi ya familia na pengine watoto uani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu maelezo ya mahali kuwa miongoni mwa yanayomtambulisha mtu, na inamtaka anayeyakusanya aeleze ni ya kazi gani. Mkulima ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kuyaona.

Mnunuzi au wakala akigharimia upimaji kisha akaondoka na faili zote, chama kitakuwa kimefungwa kwake. Msimu ujao, kikitaka kuuza kwingine kwa bei bora, kitaambiwa kipime upya. Kwa hivyo, kabla ya kumruhusu yeyote kuingia mashambani na vifaa, kamati ya ushirika ingefaa ipate ahadi ya maandishi kwamba nakala kamili ya nambari, picha na safari itabaki kwa chama, na kwamba kila mkulima atapewa karatasi yenye nambari za shamba lake.

Wapo watakaosema huu ni mzigo uliobuniwa na matajiri na kutwikwa maskini, na hawatakuwa wamekosea kabisa. Mkulima wa ekari moja hakusababisha kutoweka kwa misitu ya dunia. Lakini malalamiko hayo, hata yakiwa ya haki, hayatafungua lango la bandari. Muda uliobaki unatosha kuwafunza makarani wachache, kusawazisha saa za kamera, na kurudi shambani pale nukta zilipokosewa. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la safari hii ni la picha na nambari, na chama kisichokuwa na lake kitasomewa la mwingine.