Rangi ya kumwaga si kazi ya bure

Hapa Lubumbashi kuna watu wenye masomo ambao, wakiona tablo isiyo na mtu, nyumba wala nyama wa pori, wanasema palepale: "Ni wazimu wa wazungu, hata mtoto anaweza." Ninawajibu, sababu maneno yale yanaumiza vijana wetu. Mwenzetu mmoja alimpa mwanafunzi 3 juu ya 20 kwa kuwa alimwaga rangi. Hakumwuliza hata alifanya namna gani.

Basi tuulize namna. Mwamerika Jackson Pollock, tangu 1947 mpaka 1950, alifanya kazi ndani ya ghala la mbao kule Springs, mashariki ya New York. Kitambaa hakukisimamisha, alikitandika chini na kukizunguka pande zote. Alichovya fimbo, ao pinso iliyokauka, katika rangi ya kupakaa nyumba, akaiachia ianguke bila fimbo kugusa kitambaa. Pale njo kazi inaanza! Rangi ikiwa nzito inakatika-katika. Ikiwa maji-maji mno inatawanyika. Mkono ukienda mbio, mstari unakuwa mwembamba, ukikawia, unanenepa. Kiisha alisimama, akatazama, akarudilia. Yeye mwenyewe alikana kwamba ni mambo ya bahati. Tablo yake moja ya 1950, iliyo katika Museum of Modern Art kule New York, inapita metre 5 kwa upana. Mtoto gani ataweza kutawala matone pahali pakubwa vile?

Na kusema "ni ya wazungu"? Mwaka 1947 Pollock aliandika kwamba namna yake inakaribia ile ya wenyeji wa Amerika wanaochora kwa mchanga. Kwa Wanavajo, mganga anadondosha mchanga wa rangi kati ya vidole, chini, mgonjwa anaketi juu ya picha ile, halafu inafutwa. Ni dawa na ni ibada. Iko wapi Ulaya hapo?

Hata kwetu. Bela, aliyetoka Tchad, alifanya kazi katika Hangar ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanza hapa mjini 1946. Aliacha pinso, akapaka kwa ncha za vidole, alama kwa alama. (Sisemi alijuana na Pollock, hapana.) Wale wanaomsifu Bela ndio wanaocheka kijana wa fimbo! Wanasifu nyama waliochorwa. Mkono uliowachora hawakuutazama kamwe.

Sisemi kila anayemwaga rangi ni fundi. Wako wanaomwaga asubuhi na kuuzia wageni mchana, na uvivu wao unaonekana: rangi zote zimekuwa tope. Lakini mwalimu hawezi kutofautisha mvivu na fundi kama hajashika fimbo yeye mwenyewe, hata mara moja, kitambaa kiko chini, rangi inakataa kumtii. Afanye vile kwanza. Kiisha aandike zile 3 juu ya 20, kama angali na moyo.