TUWASEMESHE WATOTO WETU

Hakuna mahali katika Dar es Salaam penye maneno mengi kama Kariakoo. Tangu alfajiri, katika Mtaa wa Kongo na Barabara ya Msimbazi, wauzaji hunadi bidhaa, wachukuzi huomba njia, na wanunuzi hushindania bei. Katikati ya kelele hizo wamo watoto wadogo, wengine mgongoni mwa mama zao, wengine wameketi juu ya magunia kando ya meza za biashara. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akuaye penye maneno mengi hivyo hana haja ya kusemeshwa. Lugha itamwingia yenyewe. Twasema kwamba dhana hiyo ina kasoro.

Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Adriana Weisleder na Anne Fernald, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa familia za kipato kidogo zisemazo Kihispania. Walirekodi maneno yaliyomfikia mtoto mchana kutwa, kisha wakayatenga yale aliyoambiwa mwenyewe na yale waliyoambiana wakubwa mbele yake. Watoto walioambiwa mengi walijua maneno mengi zaidi walipotimiza miezi 24. Maneno yaliyopita juu ya vichwa vyao hayakuonekana kuwafaidia.

Wapo watakaouliza: mbona wazee wetu hawakuzoea kuzungumza na vitoto vichanga? Swali hilo ni la haki. Robert LeVine na wenzake, waliochunguza malezi ya Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1970, waliona akina mama wakiwabeba na kuwanyonyesha watoto kwa uangalifu mkubwa, lakini wakiwasemesha kidogo kuliko akina mama wa Boston. Hata hivyo watoto wale walijua kusema, kwa kuwa walilelewa pia na ndugu zao wakubwa. Je, chumba cha kupanga mjini kina nini cha namna hiyo? Baba yu kazini, mama yu sokoni, kaka na dada wako shuleni. Asiposemeshwa na mzazi, mtoto huyo atasemeshwa na nani?

Na asemeshwe kwa lugha ambayo mzazi aijua barabara. Hakuna mama amfundishaye mwanawe ngeli. Bali mtoto aambiwapo, “Kiatu chako kimelowa, embe lako limeiva,” huiokota kanuni mwenyewe. Siku hizi wamezuka wazazi wamwamuruo mtoto njoo, kaa, acha, kwa Kiingereza cha kuokoteza, wakidhani wamtengenezea njia ya shule. Lugha mbili hazimdhuru mtoto. Wengi wetu tulikua na Kiswahili pamoja na lugha ya kabila. Kimdhuruacho ni lugha kavu, isiyo na hadithi, swali wala jibu.

Jambo hili halihitaji fedha. Mama apimapo mchele, na ahesabu vibaba kwa sauti huku akimtazama mwanawe. Baba arudipo jioni, hata akiwa amechoka, na amwulize mtoto ameona nini mchana, kisha angoje jibu, hata likiwa la neno moja. Samaki mkunje angali mbichi.