Eti Daraja Bila Watu

Mashindano ya picha za madaraja yamekwisha, na mshindi ni Katunguru. Sina wivu. Daraja lile linavuka mfereji wa Kazinga, kati ya Ziwa George na Ziwa Edward, na jua likizama pale hata simu yenye kioo kilichopasuka inatoa picha nzuri. Ugomvi wangu ni na sharti moja: watu wasionekane. Waandaaji, marafiki zetu wa Kasese mjini, wanasema ni mchezo wa kirafiki wa mtandaoni, zawadi hakuna, sasa hasira ya nini?

Hasira ni kwamba mimi ndiye niliyekusanya picha za vijana wetu wa Bwera. Walileta tisa, saba zikarudishwa. Moja ilikuwa ya magogo matatu yaliyolazwa juu ya kijito, na mama mwenye beseni kichwani anapita katikati. Jibu lilikuja fupi: hili si daraja, halafu kuna mtu. Kijana aliyeipiga akaniuliza, "Kaka, sasa sisi kila siku tunapita juu ya nini?"

Mto hapa si pambo, bana. Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika, ikashuka na mawe ya Rwenzori, ikabeba nyumba na madaraja. Nyamwamba ulikuwa umeshafanya hivyo Mei 2013. Watu hawakungoja zege. Walikata miti, wakalaza, wakapita. Ukisema hilo si daraja, umeamua kwamba daraja ni lile la serikali peke yake.

Halafu kuna daraja tunalolijua kuliko yote, la Mpondwe, juu ya mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi. Wengi wetu tulivuka hapo na godoro kichwani, wengine walipita majini. Hakuna kijana hata mmoja aliyeleta picha yake. Mkimbizi akitoa simu mpakani haonekani mpiga picha, anaonekana mpelelezi. Mwenzetu mmoja alikalishwa kwenye benchi mpaka jioni, akafutishwa kila kitu, hata picha za marehemu mama yake. Siwezi kumlaumu sana mwenye bunduki: tangu usiku wa 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha iliposhambuliwa na wanafunzi wakauawa, kila mtu hapa anamwogopa mwenzake. Sawa. Lakini basi msituambie uwanja ni mmoja, wakati wengine wanasimama Katunguru nusu saa nzima wakingoja jua lishuke na hakuna anayewauliza kitambulisho.

Wapo wanaotetea sharti, eti linalinda sura za watu. Hapo nusu nakubali. Kuna watu wetu wanaotafutwa, na sura ikishazunguka mtandaoni hairudi. Mimi mwenyewe nawafundisha vijana waombe ruhusa kwanza. Yule mama aliombwa, akakubali, akageuka. Kilichoonekana ni mgongo, kitenge na beseni. Kama nia ni kulinda, andikeni "uso usionekane". Nyinyi mmeandika "watu".

Mashindano yajayo ni ya milango. Tumeshaulizwa kama tutashiriki. Nimejibu ndiyo, nikauliza kama pazia la kitenge linahesabika kuwa mlango. Mpaka leo hawajanijibu.