Ua la Kivulini

Apitaye kandokando ya vichaka vya Kibiti mvua zinapoanza huenda akaona jambo la kumshangaza. Chini ya miti, mahali ambapo juzi palikuwa na majani makavu matupu, limesimama ua jekundu lenye umbo la mpira, juu ya bua moja nene, pengine hata kabla majani yake hayajatokea. Akilitazama kwa karibu ataona ya kuwa si ua moja, bali maua madogo mengi, huenda yakapita mia, yaliyokusanyika pamoja. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Nchi nyingi za Afrika zinalo, na watu wa Ulaya hulitunza vyunguni, kwa kuwa baridi ya kwao ingeliua.

Basi wako wanafunzi wapendao kukichimbua kitunguu chake na kukihamishia katika bustani ya shule. Nia yao ni njema, walakini njia hiyo haifai. Kichaka kilichochimbwa vitunguu vyote leo, mwakani hakina ua. Na misitu ya upande huo wa Rufiji imekwisha punguka kwa ajili ya mashamba, na mkaa upelekwao Dar es Salaam. Tena aghalabu hukipanda juani, katika mchanga uliofagiliwa ukawa mweupe, kana kwamba kila ua ni waridi. Kikifa, husema kitunguu kilikuwa kibovu!

Njia iliyo bora ni mbegu. Maua yakinyauka hufuata matunda madogo ya mviringo, nayo yakiiva huwa mekundu. Mwanafunzi achukue machache, mengine ayaache msituni. Aondoe nyama ya tunda, aoshe mbegu, azipande upesi kabla hazijakauka. Asizifukie, bali azibonyeze tu juu ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani yaliyooza. Mahali pafaapo ni chini ya mwembe au mkorosho, pasipotuama maji. Matope ya delta, penye mikoko na maji ya chumvi, hayafai kabisa. Naye akumbuke kunawa mikono, na kuwazuia watoto wadogo na mbuzi, maana mmea huu una sumu, hasa kitunguu.

Ua la msituni laweza kuzidishwa hivyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Usambara, aliona ua dogo la zambarau, likapelekwa Ujerumani. Leo liko madirishani mwa watu dunia nzima. Lakini kwao, misitu ilipokatwa, baadhi ya aina zake zimekuwa adimu.

Liko neno moja gumu. Mbegu ya ua jekundu haitoi ua mwaka huu wala mwaka ujao. Huchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Aipandaye akiwa darasa la tano huenda akaondoka shuleni asilione ua lake. Wengine huuliza, "Ya nini basi kupanda?" Jibu ni kwamba darasa la tano lipande kila mwaka, lisiruke hata mwaka mmoja, ndipo kila darasa litakapokuta maua ya waliolitangulia. Na wachomeke vijiti mahali walipopanda, kwa sababu wakati wa kiangazi majani hufa na kitunguu hulala ardhini, na mwenye zamu ya kufagia aweza kudhani hapana kitu.